Malaria ya Handsworth

Mama yangu alikuja Birmingham mwezi wa Novemba, na kabla ya Krismasi nilikuwa nimeshamtangaza mgonjwa wa malaria. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Nilisema mimi, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa unesi niliyebakiza miezi michache kupata cheti. Mtu wa namna hiyo ni hatari, jamani, kwa sababu anajua vitu vingi na hajakosea vya kutosha. Nawaambia mapema ili mjue ni nani anayewasimulia: nina hasira za karibu, napenda kuwa sahihi, na siku hizo nilipenda zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulipanga vyumba viwili vya chini katika nyumba ya matofali mekundu, Handsworth, mtaa mmoja nyuma ya Soho Road. Mume wangu alikuwa anasoma uhandisi Manchester, akija mara moja kwa mwezi na mfuko wa nguo chafu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi mitano. Nilipoandika nyumbani Wundanyi kwamba sina mtu wa kunishikia mtoto nikiwa zamu, mama alijibu kwa mstari mmoja tu: nitumieni tikiti. Akaja na sanduku moja, kanga sita, na kopo la klorokwini nililomwagiza mwenyewe.

Sisi Wakenya wote wa pale tulikuwa na kopo kama hilo kabatini. Tulikuwa tumekubaliana, bila mtu kuitisha mkutano, kwamba Mwingereza haijui malaria, na kwamba ukimwendea daktari wake atakupa aspirini na kukuambia unywe chai. Kwa hiyo ukipatwa na kichwa na mwili kulegea, ulijitibu mwenyewe, ukajifunika blanketi mpaka utoke jasho, ukarudi kazini.

Mama alitoka milimani, baridi haikuwa ngeni kwake. Lakini baridi ya Wundanyi huondoka jua likipanda. Ile ya Birmingham ilikuwa imehamia na virago vyake. "Hivi hii baridi hailali?" aliniuliza wiki ya kwanza, amevaa koti langu juu ya sweta mbili na kanga juu ya koti.

Chumba cha nyuma, alicholala yeye na mtoto, kilikuwa na meko ya zamani ukutani, yenye vigae vya kijani na bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa. Halmashauri ya mji ilikuwa imekataza makaa yenye moshi mtaani kwetu, basi tuliletewa yale yasiyotoa moshi, vidonge vya kijivu vikubwa kama mayai ya bata, vinavyowaka taratibu na kubaki vyekundu siku nzima. Nilimweleza mama kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Mama, haya si makaa ya jiko lako. Haya hayana moshi, na bomba hili hapa. Huku mtu analala na moto ndani, wala hapatokei kitu." Akautazama ule moto, akalitazama bomba, kisha akanitazama mimi. "Sawa, mwanangu," akasema.

Theluji ilipoanguka mara ya kwanza nilishinda siku nzima ya mapumziko yangu nikiziba. Karibu na sakafu ukutani palikuwa na tofali lenye matundu, na upepo ulipita humo ukipiga mluzi. Mjenga nyumba gani huyu, nikasema, anayetoboa ukuta katika nchi ya barafu? Nikayajaza magazeti matundu yote, nikayashindilia kwa mpini wa kijiko. Dirishani nikabandika utepe wa gundi pande zote nne. Chini ya mlango nikaweka blanketi lililokunjwa. Nilipomaliza, chumba kilikuwa na joto la Voi mwezi wa Februari, nami nikajisifu kwa sauti ili mama asikie.

Wiki iliyofuata akaanza kuugua. Asubuhi kichwa kilimgonga, tumbo likamchafuka, magoti yakamlegea hata akashika ukuta kwenda chooni. Nilimpima joto, sikulikuta. Je, hilo lilinisimamisha? Wapi! Nilijiambia kwamba malaria nyingine huanza na baridi, joto litakuja baadaye. Nikafungua kopo. Nikamwamuru akae karibu na moto, amejifunika gubigubi, mpaka atoke jasho, na kila nilipotoka kwenda zamu niliongeza makaa. Mtoto naye akawa mlegevu, anacheua maziwa. Nikasema ni meno. Mimi mwenyewe siku za mapumziko niliumwa kichwa mpaka jioni, na nilipofika wodini kesho yake nilikuwa mzima kabisa. Nikasema ni uchovu, kazi inanifaa kuliko kupumzika. Yaani kila kitu nilikuwa na jina lake.

Dozi ya kwanza haikusaidia. Nikampeleka kwa daktari wa mtaa, si kwa kumwamini, bali ili baadaye niseme nilimpeleka. Tulitembea katika upepo unaokata masikio, na tulipofika mama alikuwa amechangamka, anacheka, anauliza kwa nini kila mtu pale ndani anaongea kwa kunong'ona kana kwamba kuna msiba. Daktari akamsikiliza kifua, akasema ni mafua ya uzeeni yaliyokwisha. Nilimkata jicho yule daktari! Njiani nilimsema mpaka nyumbani. Jioni kichwa kikamrudia mama, nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu kilionyesha kwamba nilikuwa sahihi. Nikaanza dozi ya pili.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, kanisa letu lilimwita mzee wa zimamoto kutoka kituo cha jirani aje kuzungumza na akina mama. Kule Shard End jiko la mafuta ya taa lilikuwa limepinduka na kuunguza sebule ya watu, na wachungaji wakawa na wasiwasi, kwa sababu wengi wetu tulitumia majiko hayo hayo. Ukumbi ulijaa Wakenya, Wajamaika, na akina mama wa Kipunjabi kutoka gurudwara ya mtaa wa pili, hekalu la Masingasinga, wengi wao waliotoka Kisumu na Nakuru na Kampala. Binti aliyetakiwa kuwatafsiria hakutokea. Nilikuwepo mimi, mwenye Kiingereza lakini sina Kipunjabi, na alikuwepo jirani yangu wa mlango wa pili, Mama wa Kisumu tulivyomwita, aliyeuza vitambaa kule miaka thelathini, mwenye Kipunjabi na Kiswahili lakini Kiingereza kimemkataa.

Basi tukapanga mnyororo. Mzee anasema kwa Kiingereza, mimi nageuza Kiswahili, Mama wa Kisumu anapokea na kuwamwagia wenzake Kipunjabi. Swali likitokea nyuma linarudi kwa njia ile ile. Mama wa Kisumu alizungumza Kiswahili cha dukani, cha mbio, kisichoremba kitu. "Wewe nesi, sema pole pole," alinigombeza mbele ya watu. "Mimi si redio." Ukumbi ukacheka, na mzee wa zimamoto, mwenye masharubu meupe na viatu vya kung'aa, akacheka pia bila kujua anacheka nini.

Alisema mambo ya maana. Usilibebe jiko la mafuta likiwa linawaka. Usilijaze ndani ya nyumba. Usianike nepi juu yake. Bomba la moshi lisafishwe kila mwaka, hata kama unachoma makaa yasiyotoa moshi, kwa maana ndege hujenga humo na matofali humong'onyoka. Nilitafsiri huku nikitikisa kichwa kama mtu anayeyajua hayo tangu utotoni. Kisha akasema kuna hewa ya sumu inayotoka kwenye moto wowote usiopumua vizuri. Haina rangi. Haina harufu. Haina moshi.

Mama wa Kisumu hakuipitisha hiyo. Aliinua mkono. "Haina harufu, haina moshi? Sasa mimi nitajuaje iko? Muulize."

Nikamuuliza. Mzee akaweka kikombe chake cha chai chini. Akasema, uulize mwili wako. Ukiwa ndani kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inakuwa mizito. Utasema umeshikwa na mafua. Halafu unatoka kwenda dukani na mafua yamekwisha, na ukirudi ndani yanakungoja.

Sentensi ya kwanza niliigeuza vizuri. Ya pili na ya tatu pia. Ya nne ilitoka kinywani mwangu kwa Kiswahili changu mwenyewe, na mara hiyo ndipo nilipoisikia. Unatoka kwenda dukani na mafua yamekwisha. Nilimwona mama katika chumba cha daktari, anacheka. Nikayaona magazeti ukutani. Nilikuwa nimemwacha saa mbili zilizopita karibu na moto, mlango umefungwa, mtoto yuko naye, nami nimeongeza makaa kwa mkono huu.

"Maliza maneno," Mama wa Kisumu akanisukuma kiwiko. "Wale wanangoja."

"Mama yangu," nikasema. "Mtoto wangu."

Mama wa Kisumu ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa ameshaketi na mama yangu jikoni kwetu mara nyingi, wakipiga soga za bei ya unga na ukaidi wa watoto waliosoma. Alinishika mkono, akamshika yule mzee mkono wa koti, akatuburuta wote wawili mpaka mlangoni. Mzee hakuuliza tunakwenda wapi. Alikuwa na gari dogo jekundu nje, tukajibana humo.

"Moto wa nini?" aliniuliza akiwasha gari.

"Makaa. Yasiyotoa moshi."

"Na matundu ya hewa?"

"Nimeyaziba."

Hakunigombeza. Alikanyaga mafuta tu, na mimi nilitamani anigombeze.

Nilipotia ufunguo mlangoni nilisikia mtoto analia, kilio cha hasira, cha mtu mwenye pumzi zake zote. Alikuwa kwenye ushoroba, karibu kabisa na mlango wa mbele, ndani ya kikapu cha nguo, chini ya tundu la kupitishia barua panapoingia upepo kama kisu. Kofia mbili kichwani. Amefungwa shuka, blanketi, kanga tatu za mama, na juu yake lile koti nililompa mama. Pua yake ilikuwa ya baridi kama maji ya bomba. Mnajua nilichofikiri? Nilikasirika. Nani anamlaza mtoto mchanga kwenye baridi hii? Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo dakika ile.

Mzee wa zimamoto alituamuru tumtoe mtoto nje na tusimfuate. Akavuta pumzi, akaingia chumba cha nyuma. Tulisikia kioo kikivunjika, halafu akatoka kinyumenyume, amemkumbatia mama chini ya makwapa, visigino vyake vikiburuzwa sakafuni. Tulimlaza uani kwenye theluji, juu ya shali ya Mama wa Kisumu. Alikuwa anapumua. Nilimwita, hakuitika.

Darasani tulifundishwa kwamba mtu aliyevuta hewa ile uso wake huwa mwekundu mzuri, kama aliyetoka matembezini. Uso wa mama yangu ulikuwa mweusi vile vile wa siku zote, kwa sababu kitabu chetu kiliandikwa kwa ngozi za watu wengine, na hakuna aliyekumbuka kutuambia pa kutazama. Nilimvuta mdomo wa chini. Ndani palikuwa na wekundu ambao sijawahi kuuona kwake. Hapo nilipiga yowe, na majirani wakatoka.

Gari la wagonjwa lilifika upesi. Hospitalini walimfunika pua na mdomo kwa kifaa cha oksijeni, na daktari kijana akaniuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia.

"Klorokwini," nikasema.

"Ya nini?"

"Malaria."

Aliacha kuandika akanitazama, akatazama sare yangu ya zamu ya jioni iliyojitokeza chini ya koti, kisha akaendelea kuandika. Nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, kwa rangi yangu na kwa lafudhi yangu, kwenye basi na wodini. Hakuna tusi lililonifika kama ule ukimya. Mama alifumbua macho jioni. Neno lake la kwanza lilikuwa "Mtoto?" nikamwambia yupo, mzima, yuko kwa Mama wa Kisumu, ananyonyeshwa chupa na nyumba nzima. Akafumba tena, na safari hii alikuwa amelala tu.

Mzee wa zimamoto alirudi nyumbani kwetu Jumatatu na mafundi wake. Bomba lilikuwa limejaa viota vikavu na matofali yaliyoanguka kutoka juu. Pumzi ya ule moto haikuwa na pa kupita ila chumbani, na chumba nilikuwa nimekifunga mimi kama mtungi. Aliyachokoa magazeti yangu ukutani moja moja. Mwenye nyumba aliitwa, akaja na kofia mkononi, lakini kwa kweli sikuwa na nguvu za kumkasirikia. Nilikuwa nimezimaliza zote kwangu mwenyewe.

Mama alirejea baada ya siku chache, na kwa majuma mawili tuliishi naye kwa adabu isiyo ya kawaida. Nilimpikia uji bila kuombwa. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa na kioo kipya na lilikaa wazi kidogo mchana kutwa, nasi tukashinda na makoti ndani ya nyumba. Hatukuongea habari ile. Yeye hakuileta, na mimi niliizungukazunguka kama mtu anayepita nje ya duka lenye deni lake.

Mwisho nikashindwa. Ilikuwa adhuhuri, mtoto amelala, mama anachambua mchele kwenye sinia magotini.

"Mama," nikasema, "siku ile kwa nini ulimweka mtoto kule mlangoni?"

Aliendelea kuchambua. "Kichwa kilinishika vibaya kuliko siku zote. Nikamkumbuka yule mama wa kule bondeni, aliyeingiza jiko la makaa chumbani msimu wa mvua, yeye na wanawe wasiamke tena."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Sikujua. Nilihisi."

Hasira zangu zikapanda, zile zile za karibu. Nilisimama. "Sasa mbona hukuzima moto? Mbona hukufungua mlango, hukutoka? Ulikuwa umeshafika mlangoni, mama! Ulimweka mtoto halafu ukarudi ndani!"

"Wewe ulisema nikae pale mpaka nitoke jasho." Hakupandisha sauti. "Ulisema bomba lipo. Ulisema huku mtu analala na moto ndani wala hapatokei kitu. Umekaa darasani miaka mitatu, na mimi sikuwa nimemaliza hata wiki sita katika nchi hii. Nikasema labda ni ushamba wangu. Kama ni malaria kweli, nami nimezima moto na kutoka nje, nitakuwa nimekudharau nyumbani kwako."

"Na mtoto?"

Aliokota chembe ya jiwe kwenye mchele, akaitupa kwenye kisahani.

"Mtoto nilimtoa," akasema. "Yule ni mdogo. Hawezi kungoja mpaka ijulikane nani yuko sahihi. Mimi niliweza."

Nikakaa chini, palepale sakafuni, nikamshika miguu yake yenye soksi za mume wangu, nikalia kwa sauti mpaka mtoto akaamka. Alisogeza sinia kando lisimwagike. Hakuniambia ninyamaze.